Mti Umeanguka, Ndani Kuna Nyuki: Njia Tano Zikilinganishwa

Chenso ikifika kwenye mvungu wa mti, mlio wake hubadilika. Ilikuwa inanguruma kwa kubanwa na mbao, ghafla inalia juu kama inayokata hewa, na unga unaotoka umelowana, unanata, una harufu tamu. Mkataji mzoefu akiuona unga huo hasubiri kuelezwa. Anazima mashine na kuondoka kwa hatua ndefu. Asiye mzoefu hugundua kwa njia nyingine.

Yule aliyeajiriwa na jirani yangu hapa Sikonge alikuwa wa aina ya pili. Alifika kwangu jicho moja limeziba, anahema.

"Shikamoo mzee. Ule mti wa mtundu tumeuangusha, kumbe una nyuki."

"Marahaba. Pole sana. Wako ndani ya mti au wametoka?"

"Mzee, wako kila mahali."

Nikamwambia akae, anywe maji, na asirudi kule hadi saa kumi na mbili jioni. Kabla jua halijazama ushauri ulikuwa umeshajaa uwanjani kwangu. Mmoja alitaka kuchoma usiku ule ule apate asali. Mwingine ana mzinga mtupu nyumbani, anautaka ujae. Mwenye mti anazihesabu mbao. Mama mmoja alisema gogo liachwe, nyuki si wa mtu. Wote wanne walikuwa na hoja, ila kila mmoja alianza na anachokitaka yeye. Mimi katika jambo hili huanza na walichobakiwa nacho nyuki: nyumba, majana (mayai na watoto wa nyuki kwenye masega), malkia. Kwa nyuki wetu hicho ndicho huamua kama njia uliyoichagua itafika mwisho au utaamka asubuhi ukute gogo tupu.

Nasema wetu kwa sababu video nyingi za kuhamisha nyuki kutoka kwenye magogo zimepigwa Ulaya na Marekani. Unamwona mtu ana fulana, mikono mitupu, anayachomoa masega na kuyafunga kwa rababendi kama anayepanga sahani. Nyuki wa kule wamelelewa na majira ya baridi: huweka akiba na kukaa. Wa kwetu wamelelewa na ukame, moto wa pori, siafu, nyegere na warina asali, kwa hiyo kuhama ni sehemu ya maisha yao. Ukali nao hauhitaji kusimuliwa. Mwaka 1956 mtafiti wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika akitaka kuboresha uzalishaji wa asali kwao. Mwaka uliofuata makundi 26 yalimtoroka, na uzao wake ukaenea bara lile mpaka ukavuka kuingia Marekani. Ndiyo mbegu unayotaka kuihamisha na rababendi.

Soma gogo kabla ya kuchagua

Usiamue mchana wa tukio. Nyuki wakishachokozwa huweza kumfukuza mtu mita mia kadhaa, na harufu wanayoitoa wanapouma, inayofanana na ya ndizi mbivu, huwaita wenzao waje kuuma hapo hapo. Ondoa watu, fungua mbuzi, punda na mbwa waliofungwa karibu, maana mnyama aliye kwenye kamba hana pa kukimbilia. Rudi giza likianza kuingia, na tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu. Nyuki hawaioni vizuri rangi nyekundu.

Angalia kwanza ufa. Mti uliopasuka kidogo na uliofunguka kama mtumbwi ni mambo mawili tofauti kabisa. Kisha gonga gogo kwa kisogo cha shoka ukisikiliza mvungu unaanzia wapi na kuishia wapi, uweke alama za mkaa pande zote mbili. Weka pia mshale unaoonyesha upande uliokuwa juu mti uliposimama. Baadaye utanishukuru kwa mshale huo.

Kesho yake asubuhi, ukiwa mbali, tazama wanaoingia. Wakiwa na vifurushi vya chavua miguuni, maana yake kuna majana ya kulisha, na inaelekea malkia yupo na alikuwa anataga. Wakizungukazunguka tu bila mzigo, wanaingia na kutoka kama watu waliofiwa, mambo ndani hayako sawa. Na ukiwakuta wamening'inia tawini kama kikapu, basi gogo hilo wameshaliacha: habari yao ni nyingine, nitaigusa kwenye njia ya nne.

Ninavyozipima njia

Kila njia nimeiuliza maswali yale yale. Je, nyuki watakaa? Watu na mifugo watakuwa salama kiasi gani? Inahitaji mikono na vifaa gani? Inatoa asali na nta kiasi gani, leo na baadaye? Na mbao, je, zinapona? Swali la mwisho watu wa nyuki hulisahau, lakini mwenye gogo la mninga halisahau hata akiwa usingizini.

Njia ya kwanza: kuliziba gogo na kuliacha lilipo

Unaziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, unaacha tundu moja la kuingilia, unafunika kwa nyasi kupunguza jua, basi. Kama tundu la zamani limelalia chini, lizungushe gogo kidogo au toboa jingine upande ulio wazi.

Kukaa kwao. Kama ufa ni mdogo na masega hayakuporomoka, hii ndiyo njia yenye usumbufu kidogo zaidi kwao, na majana huwashikilia. Ila gogo lililolala lina maadui ambao mti uliosimama haukuwa nao. Siafu hufika kwa mguu, nyegere hahitaji kupanda, mchwa huanza na ganda, na moto wa kiangazi hupita chini chini. Safisha nyasi kulizunguka, mwaga majivu, inua ncha kwa mawe kama unaweza. Hata hivyo usishangae wakiondoka msimu ukibadilika.

Kuna jambo la masega ambalo wengi hawalioni. Ndani ya mti uliosimama masega huning'inia kama mapazia. Mti ukilala, mapazia hayo yanaweza kulala kifudifudi, moja juu ya jingine, au yakasimama kwa ubavu. Yaliyolala hukatika kwa uzito wa asali, hubana nyuki, huenda yakamuua malkia. Yaliyosimama kwa ubavu huhimili zaidi. Kwa hiyo kama unaweza kuchungulia kwenye ufa na gogo linabingirika, robo tu ya mzunguko inaweza kuliokoa kundi zima. Fanya usiku, taratibu, bila kulidondosha.

Usalama. Unategemea mahali tu. Porini, hakuna neno. Karibu na kisima, njia ya shule au uwanja wa kupuria, ni bomu ulilolifunika nyasi.

Mikono na vifaa. Mtu mmoja, ndoo ya udongo, bomba la moshi na vazi la kinga. Nusu saa.

Asali na nta. Leo hupati kitu. Baadaye, wakikaa, unaweza kurina upande mmoja.

Mbao. Umezipoteza, angalau kipande hicho. Juu na chini ya mvungu bado unaweza kupasua baadaye, lakini chenso karibu na nyuki waliotulia jana ni kazi ya mtu mwenye moyo wa chuma.

Inamfaa mwenye shamba lililo mbali na watu, asiye na haraka, na asiye na vifaa.

Njia ya pili: kukata kipande chenye nyuki na kukifanya mzinga

Hii kwetu si ngeni. Mzinga wa gogo ni wa babu zetu. Wakamba wa Kenya wanaujua, Wanyamwezi wanaujua, na kwenye miombo hii umekuwa ukitundikwa pamoja na ule wa magome tangu kabla ya mbao zilizopigwa randa. Tofauti ni kwamba hapa nyuki wamekutangulia kuhamia.

Unasubiri jioni wote warudi. Unaziba tundu kwa kipande cha wavu wa chuma au nyasi mbichi zinazopitisha hewa, unaziba nyufa zote, unavaa kamili, unakata kwa chenso nje ya alama zako za mkaa. Acha angalau nusu mita ya ziada kila upande ili usifungue mvungu. Ukiufungua, funika ncha kwa ubao na udongo.

Kukaa kwao. Kwa maoni yangu ndiyo inayoongoza katika kuwashikilia, kwa sababu hujagusa sega hata moja: nyumba ni ile ile, harufu ni ile ile, majana yako palepale. Kinachoharibu ni mtikisiko wa msumeno na namna unavyokiweka kipande baadaye. Ule mshale wa mkaa ndipo unapofanya kazi. Kwa kuwa mti ulikuwa umesimama, simamisha kipande kama kilivyokuwa, mshale juu, kichwa kikiwa na paa la bati au gome. Masega yanarudi kuning'inia kama yalivyojengwa.

Halafu kuna suala la umbali. Nyuki huikariri sehemu, hawaikariri nyumba. Ukisogeza gogo mita hamsini, watafutaji wote watarudi kwenye kisiki kesho na kukitafuta mpaka wafe. Ama lisogeze hatua moja mbili kwa siku, ama lipeleke mbali, kilomita tano hivi au zaidi, wakajifunze upya. Usiku, gari likienda taratibu.

Usalama. Wakati wa kukata ni mbaya sana. Chenso inawachokoza kuliko kitu chochote, na mkataji hasikii akiitwa. Awepo mtu wa pili mwenye moshi, na wa tatu wa kuangalia tu. Baada ya hapo hatari inahamia utakakokipeleka.

Mikono na vifaa. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Kipande cha mita moja na nusu cha mti mbichi wenye unene wa kukumbatiwa hakibebwi na watu wawili. Tafuta watu sita, nguzo za kubebea, na gari. Mavazi ya kinga yakiwa hayawatoshi wote, usianze.

Asali na nta. Leo huna. Baadaye utarina kama unavyorina mzinga wowote wa gogo: kwa kuingiza mkono kutoka upande mmoja, bila kuona vizuri, ukivunja majana mara kwa mara. Kukagua ndani huwezi.

Mbao. Hasara ni kipande kimoja tu, tena chenye mvungu ambacho mpasuaji asingekitaka. Mwenye mti huwa anakubali njia hii upesi.

Inamfaa mwenye watu na usafiri, au mwenye manzuki, yaani eneo la kufugia nyuki, ya kienyeji tayari. Pia inamfaa anayetaka nyuki wabaki kuwa nyuki wa gogo bila kusumbuliwa na mtu.

Njia ya tatu: kufungua gogo na kuhamishia masega mzingani

Hii ndiyo ya video. Nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayotamanisha na ndiyo inayoharibika.

Unakata mistari miwili sambamba juu ya mvungu, msumeno ukiingia kina cha ganda tu, kisha kwa kabari na shoka unanyanyua kifuniko kama cha jeneza. Moshi kidogo kidogo, wala si wa kuwafukiza hadi wakimbie. Andaa turubai la kivuli kabla. Nta haiyeyuki mpaka nyuzi 62 hadi 64, lakini hulegea mapema zaidi, na sega la majana likipigwa jua la saa saba linakunjika mkononi kama chapati. Majana yenyewe hulelewa kwenye joto la nyuzi 34 au 35, kwa hiyo kuyachelewesha kwenye upepo wa jioni nako ni kuyaua.

Kata masega ya majana kwanza, moja moja, yasigeuzwe juu chini. Kwa mzinga wa viunzi unalipunguza sega liingie ndani ya fremu na kulifunga kwa rababendi. Kwa mzinga wa vibao vya juu unalifunga kwenye kibao kwa uzi wa pamba au kamba ya mgomba. Nyuki wenyewe watagandisha nta na kuitafuna kamba. Yapange kwa mfuatano ule ule uliyoyakuta. Na upana wa kibao uwe milimita 32: ndio unaolingana na nafasi ya masega ya nyuki wetu. Vipimo vya Ulaya ni vikubwa kidogo, na nyuki wa kwetu wakipewa hivyo hujenga mshazari.

Masega ya asali usiyafunge. Ni mazito, yanachuruzika, yanaita siafu na nyuki wezi. Yaende kwenye ndoo yenye kifuniko.

Kisha malkia. Ukimwona, mweke ndani ya rola ya nywele ya plastiki iliyozibwa pande zote mbili, umning'inize katikati ya masega ya majana. Ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote nilivyonavyo. Usipomwona, mimina nyuki mzingani kwa makonzi na uangalie mlangoni. Wakisimama wameinua mikia na kupepea mabawa, wanawaita wenzao, na mara nyingi yeye yuko ndani. Wakitoka kwa mstari kurudi gogoni, yuko gogoni. Akifa, si mwisho wa mambo, ilimradi kuna mayai au majana machanga ya chini ya siku tatu: watalea malkia mwingine. Malkia huhitaji siku 16 tangu yai hadi kutoka, na inapita kama mwezi kabla uzao wake kuonekana. Ni mwezi ambao hutakiwi kufungua mzinga kila unapopata hamu.

Kukaa kwao. Kigumu. Wamebomolewa kila kitu. Kinachowashikilia ni majana na malkia aliyefungwa. Acha mzinga palepale gogo lilipokuwa hadi giza, wote waingie, ndipo uondoke nao. Mlango uwe mdogo. Mfungulie malkia baada ya siku tatu au nne. Hata ukifanya yote hayo, kuna makundi yataondoka. Mtu anayekuhakikishia hawatahama bado hajafuga nyuki wa Afrika.

Usalama. Saa mbili au tatu ukiwa umeinama juu ya kundi lililofunguliwa. Si kazi ya kujifunzia.

Mikono na vifaa. Watu wawili wanaojua, mzinga uliokamilika, fremu au vibao, kisu kirefu, ndoo, maji ya kunawa asali mikononi, mavazi mawili kamili, gambuti.

Asali na nta. Unaipata leo, safi kama ukitenganisha vizuri. Sega lililofunikwa nta lote ndilo la kuvuna. Lenye vyumba wazi lina asali yenye maji mengi, itachacha. Baadaye mzinga unaokaguliwa unakupa asali bila kubomoa majana.

Mbao. Kipande cha mvungu kinaharibika, kingine kinapona siku hiyo hiyo. Mpasuaji anaweza kuendelea kesho.

Inamfaa mfugaji mwenye uzoefu na mzinga ulio tayari. Pia inafaa gogo lililofunguka vibaya, ambapo masega tayari yako nje na njia mbili za kwanza hazipo tena.

Njia ya nne: mzinga wa chambo, na kuwaachia waamue

Wafugaji wengi wa hapa hawajawahi kununua kundi. Wanatundika mzinga mtupu, wanapaka nta ya zamani ndani, wanaongeza mchaichai uliopondwa, wanasubiri. Njia hii inatumia ujuzi huo huo: unalifungua gogo kidogo au unaliacha lilivyopasuka, unatundika mzinga mmoja au miwili kwenye miti ya jirani kimo cha mtu au zaidi, unaondoka.

Kukaa kwao. Wakiingia wenyewe, wanakaa kuliko waliolazimishwa. Tatizo ni hilo "wakiingia". Wanaweza kwenda kwenye mbuyu wa kilomita tano. Kama wametoka na kuning'inia tawini, bahati imekuangukia: jioni wanyunyizie maji, weka sanduku chini, tikisa tawi mara moja kwa nguvu. Kundi lililoning'inia halina majana wala asali ya kulinda, ndiyo maana huwa na upole usioutegemea.

Usalama. Mzuri, kwa sababu hukaribii. Ila gogo linabaki wazi siku kadhaa.

Mikono na vifaa. Mzinga, nta, kamba. Uvumilivu.

Asali na nta. Wakishaondoka, kilichobaki gogoni ni chako bila kuchomwa, kama siafu hawajakutangulia. Nondo wa nta pia hawachelewi.

Mbao. Zinapona karibu zote, ukisubiri.

Inamfaa asiye na vazi la kinga la kuaminika, mwenye mizinga mitupu, hasa miti ikiwa inakaribia kuchanua. Kwetu mitundu huchanua kabla na mwanzoni mwa mvua, na makundi huwa yanatafuta makazi.

Njia ya tano: kurina yote, au kuwaua

Sitajifanya haipo. Ndiyo inayofanywa zaidi, na kuna siku ndiyo iliyobaki.

Kukaa kwao. Hawakai. Wenye bahati wanaruka bila akiba wala majana na kuanza upya.

Usalama. Mwenge usiku unawaunguza mabawa, lakini pia umeunguza misitu. Wakikimbia na malkia, watu wa jirani watawapata asubuhi wakiwa na hasira. Panapokuwa na kundi lililochokozwa kando ya shule au zahanati, na hakuna mfugaji wa kufika leo, kuwaangamiza kwa utaratibu usiku kunaweza kuwa kwa busara kuliko kungoja. Mtafute afisa nyuki wa wilaya au zimamoto, usimpe kijana petroli.

Mikono na vifaa. Rahisi kuliko zote, ndiyo sababu ya umaarufu wake.

Asali na nta. Nyingi leo, hakuna kesho. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kilo 28 hivi, na kwa familia inayodaiwa ada hizo si kilo za kudharau. Lakini asali ya mwenge ina majivu, majana na moshi. Mnunuzi anayejua ataionja na kuirudisha. Kama dawa ya wadudu imepulizwa, asali hiyo, nta hiyo, isiliwe wala kuuzwa. Fukia. Kuna njia ya katikati wanayoitumia warina wazuri: moshi wa maganda makavu, kukata masega ya asali upande mmoja tu, kuacha majana na akiba kidogo, kisha kuziba kama njia ya kwanza.

Mbao. Zote, kesho asubuhi.

Inamfaa, katika sura ya kurina nusu, mrina mwenye ujuzi aliye porini. Katika sura ya kuua, anayelinda maisha ya watu na hana msaada mwingine.

Kabla ya hapo: hakika ni nyuki wanaouma?

Ukikuta mlango wake ni kibomba kidogo cha nta, na wanaotoka ni wadogo kama inzi, hao ni nyuki wadogo wasiouma, na hesabu yote inabadilika. Malkia wao akishaanza kutaga hawezi tena kuruka. Hawawezi kukimbia hata wakitaka. Kuwabomoa ni kuwaua, kukata kipande na kukibeba kwa upole ni kuwahamisha. Hapo njia ya pili haina mshindani.

Kulingana na hali yako

Gogo limepasuka kidogo, liko mbali na nyumba, huna vifaa: ziba, funika, safisha nyasi. Rudi baada ya wiki mbili uangalie chavua.

Gogo zima, una watu sita na gari, au manzuki iko mbali: kata kipande. Usisahau mshale.

Gogo limefunguka, masega yako nje, na unaye mfugaji aliyewahi kufanya kazi hiyo: hamishia mzingani, leo, kabla jua halijapanda. Huna mfugaji huyo? Chambo, na uondoke. Video uliyoiona usiku haikugeuzi kuwa yeye.

Wananing'inia tawini: sanduku na jioni.

Mwenye mti anadai mbao kesho na hataki kusikia habari za nyuki: ongea naye kuhusu njia ya pili kwanza, kipande chenye mvungu si mbao. Akikataa, ya nne ikupe siku tatu.

Mti uko ndani ya hifadhi ya msitu: hapo kabla ya nyuki kuna kibali, na Tanzania ina Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Anza na ofisi ya misitu, halafu rudi kwenye orodha hii.

Mtu ameshaumwa: kwangua mwiba upesi kwa ukucha, usipoteze muda ukitafuta kibano. Mwingize ndani ya nyumba au gari lililofungwa. Akivimba uso, akakoroma au kukosa pumzi, au ameumwa mara nyingi, hospitali sasa hivi, gogo litasubiri.

Na yule mtundu wa jirani? Ufa ulikuwa wa kidole, masega yamesimama kwa ubavu, chavua inaingia. Tulikata kipande usiku wa tatu, watu saba, na kijana mwenye jicho lililoziba ndiye aliyeshika bomba la moshi. Kimesimama nyuma ya manzuki yangu, kina paa la bati. Wiki jana nilipita nikaona wanatoka na kuingia, miguu ya njano.